Tawi Lililosubiri Kibali

Siku niliyoripoti kazini Babati, mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga na ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta alinipokea akiwa amesimama, maana viti vilikuwa havijafika. "Umetoka Arusha? Utazoea vumbi," akasema. Wakati ule tuliandika programu na kupeana kwa diski. Faili moja liliitwa "mwisho", jingine "mwisho kabisa", la tatu "mwisho kweli", na hakuna aliyejua lipi ndilo lenyewe.

Miaka ilipita, tukapata Git. Nieleze polepole, vijana wangu, si ngumu. Git hutunza historia ya kazi. Ukiandika git commit unaweka alama: kazi imefika hapa, na aliyeifanya ni fulani. Ukitaka kujaribu jambo bila kuvuruga wenzako, unafungua tawi, yaani njia yako ya pembeni inayoanzia kwenye tawi kuu, ile kazi rasmi ya wote. Ukimaliza, git merge inaziunganisha njia hizo mbili. Ni amri ya mstari mmoja.

Mwenzangu Mama Neema alifungua tawi ambalo sitalisahau. Programu yetu iliwakumbusha wajawazito siku ya kliniki kwa ujumbe wa maandishi, wa Kiswahili tu. Yeye alitaka simu iite na kusema kwa Kigorowa, Kiiraqw na Kibarbaig. "Wifi yangu pale Bonga hajui kusoma," alisema. "Ujumbe ukiingia anadhani ni matangazo ya mtandao, anafuta." Alimaliza, tukajaribu, simu ikaongea.

Lakini kwetu hakuna kitu kilichoingia tawi kuu bila kibali. Tukamwendea Mkuu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Lugha tatu? Kwani Kiswahili kimewakosea nini?" Akacheka. "Subirini, nitaomba maelekezo juu."

Aliomba kweli, akahamishwa kabla ya kujibiwa. Aliyemfuata alikuwa Kaimu, na Kaimu akasema yeye hawezi kuidhinisha jambo jipya. Huku nyuma tawi kuu lilikuwa linabadilika kila siku. Kila Ijumaa Mama Neema alivuta mabadiliko yale na kuyaingiza kwenye tawi lake, ili matawi hayo mawili yasiachane mno. Hiyo ndiyo dawa, ishikeni. Kisha naye akapata uhamisho. Nilijitahidi kuendeleza Ijumaa zake, ila tukaagizwa kuandika upya sehemu yote ya ujumbe, na hapo matawi yakaachana kabisa.

Kibali kilikuja wakati wa Mkuu wa tatu. "Haya mzee, unganisha. Kesho kuna wageni," akaniambia. Nikaandika amri. Git ikajibu kuna mgongano, yaani mistari ileile imeandikwa kwa namna mbili na lazima mtu achague. Mgongano wa kawaida mnakaa na mwenzako, mnasoma, mnakubaliana. Huu ulikuwa katika karibu kila faili, na misingi ambayo Mama Neema alijenga juu yake haikuwepo tena.

Nikampigia simu. Alisikiliza nikimsomea migongano ile mpaka nikachoka.

"Kaka, hapo hakuna cha kuunganisha," akasema. "Ni kuandika upya. Na mimi huku wameniweka masijala."

Nilipompa Mkuu habari, hakuinua kichwa. "Basi lifuteni, lisije kutuletea maswali." Tawi likafutwa siku ileile.

Sasa nimestaafu, nakaa Nangara. Vijana wakinijia nawaambia matawi yawe mafupi, yaunganishwe mapema. Nawaambia kwa moyo wote, ingawa sijui inasaidia nini, maana sisi amri ya kuunganisha tulikuwa nayo muda wote.

Wiki iliyopita mke wa jirani yangu, mjamzito, alikuja na simu mkononi.

"Shikamoo, babu. Hebu nisomee, imeingia juzi."

Ulikuwa ujumbe wa programu yetu, kwa maneno yaleyale tuliyoyaandika. Nikamsomea taratibu, kisha nikamwambia kliniki yake ilikuwa jana.