Betri Ndani ya Sanduku la Barafu

Kidege changu cha kamera kilizimika hewani, kikatumbukia kwenye korongo la mlima wa Jabal Shams pamoja na picha zote za theluji nilizompigia Mama. Mama yuko mjini Ibra, miguu haimpeleki tena mlimani, na maisha yake hajapata kuona theluji. Aliniagiza hiyo tu.

Mwenye kosa namtaja: shemeji yangu, mume wa dada yangu.

Asubuhi nilimpa betri, nikamwambia azitie ndani ya koti zipate joto la mwili, kwani betri ikipoa sana hukata nguvu ghafla. Tulifika juu tukafurahi kama watoto, watu wazima na mvi zetu tunatupiana theluji. Yeye ndiye aliyetia betri kwenye kidege, mimi nikarusha. Hata upepo ulikuwa umetulia.

Kilipoanguka nikamwambia, "Betri ulizitia wapi?"

Akafungua sanduku la barafu. Betri ya pili imelala baina ya chupa za laban, maziwa yetu ya mgando, kama tunavyofanya siku zote tukienda kurusha mchangani wakati wa joto.

"Yakhe, betri kama samaki," akasema. "Bila ya barafu inaharibika."

"Umebeba barafu kuileta kwenye theluji?"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Wallahi nilicheka, lakini sijamsamehe. Mama kila siku ananiuliza theluji yake iko wapi. Shemeji, njoo Ibra, kaa mbele yake, umjibu wewe.