Sindano Zisizo na Tundu

Mpima macho wa zahanati amenisumbua mwezi mzima. Andika, bibi, andika, wenzako wakisikia kwako watakuja kupimwa. Nimemwambia shule niliiachia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Akaniletea daftari. Haya basi. Nitaandika kama ninavyoshona: polepole, na pakikosewa nafumua.

Mimi ni fundi wa matundu ya vifungo. Usicheke. Koti lishonwe vizuri namna gani, tundu likiwa baya, koti lote limeharibika. Langu nalishona kwa mkono, kwa uzi uliopakwa nta, na mishono imebanana kama meno ya kitana. Mashine inakwenda upesi, sikatai, lakini fua mara nne uone tundu lake linavyoota ndevu.

Katika karakana yetu dirisha la maana ni moja, na chini yake kuna kiti kimoja. Kiti hicho hakiombwi wala hakirithiwi. Hukikalia mwenye mshono mwembamba kuliko wote. Kufikia mwaka juzi nilikuwa nimekikalia miaka ishirini na miwili. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikaa kiti cha pili, penye kivuli, akipiga pindo na kunipiga vijembe.

Mwaka huo sindano zikaanza kuja mbovu. Unashika uzi, unaulamba, unausukuma, unapita pembeni. Unasogeza mkono mbali, bado. Nikajua nimeuziwa sindano ambazo kiwandani walisahau kuzitoboa. Nikabeba pakiti nzima nikamrudishia mwenye duka mbele ya wateja wake. Yule bwana hakubishana. Alichomoa sindano moja, akatunga uzi, akaniwekea kaunta. Akachomoa ya pili, akatunga. Ya tatu hivyo hivyo. Nikamwambia duka lake lina mwanga wa ujanja, nikazitwaa zile tatu, nikaondoka nimeinua kichwa. Nyumbani niliziangalia zile tatu nikazichukia.

Wifi alikwishanusa. Akasema macho yana njaa, kula karoti. Nilikula karoti mbichi wiki sita, asubuhi na jioni, kama sungura wa mashindano. Viganja vikaniiva manjano. Mkasi, mkata nguo na mkuu wa karakana yetu, akaniuliza ni kitambaa gani kimenichujia rangi mikononi.

Halafu likaja koti jeusi la mwalimu mmoja, matundu sita. Nilishona siku nzima, nikalikabidhi kwa madaha yangu yote. Mwalimu alitoka nalo juani, akalirudisha. Uzi ulikuwa wa buluu. Na ile mishono, ee, ilikuwa inatembea kama siafu waliomwagiwa maji.

Mkasi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisubiri wengine watoke, akasema, "Mama, Jumatatu asubuhi utunge sindano mbele yangu. Ukiweza, kiti chako. Ukishindwa, wifi yako anahamia dirishani."

Nikaenda zahanati Ijumaa. Ukutani wamepachika karatasi ya alama zenye miguu mitatu. Unaonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi. Mimi mjanja, nikajiweka wa mwisho kwenye foleni, nikakariri mikono ya walionitangulia: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Zamu yangu ilipofika nilipepea mikono kama askari wa barabarani. Sikukosa hata moja.

Yule binti mpima macho akatabasamu. "Bibi, za mbali unaziona hata bila kukariri. Sasa shika hii." Akanipa kadi ndogo ya kusomea karibu. Kadi ikawa ukungu mtupu.

Akanieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Ndani ya jicho mna lenzi. Ujanani ni laini, inajivimbisha kuona karibu. Umri ukienda inakakamaa, kwa kila mtu, tajiri na maskini. Dawa yake ni miwani iliyovimba katikati. Wengine jicho lao limerefuka, wanaona karibu tu na mbali kunafifia. Hao miwani yao imebonyea katikati. Wengine kioo cha mbele cha jicho hakikukaa duara, kila kitu kinawapotoka. Nao wana miwani yao. Na kuna mtoto wa jicho, pale lenzi inapoingia ukungu: hapo hufanyiwa upasuaji, ikawekwa lenzi mpya. Alinimulika, akasema mimi sina.

Na karoti? Akacheka hadi akaweka kalamu chini. Akasema chakula hulinda jicho: mboga za majani, maboga, mayai, samaki, machungwa, na karoti pia, kwa kiasi. Anayekosa vitamini A anaweza hata kupofuka. Lakini lenzi iliyokakamaa hairudishwi laini na sahani. Akanivalisha miwani namba mbili na nusu.

Nikaona mistari ya kiganja changu. Manjano, lakini mistari yote.

Hata hivyo kiburi kilinipanda. Jumatatu miwani niliiacha mkobani. Mkasi amesimama, wifi ameacha pindo, karakana nzima imegeuka kututazama. Uzi ukapita pembeni. Mara ya pili, pembeni. Nikamwona wifi anakitazama kiti. Nikafungua mkoba, nikavaa miwani.

"Ala, tumepata mwalimu mkuu," wifi akasema.

"Kaa chini nikufundishe," nikamjibu, na uzi ukapita tundu mara moja kama maji.

Mkasi akarudi kwenye meza yake. Mimi sikukaa. Nililitwaa lile koti jeusi, nikayafumua matundu yote sita, nikayashona upya kwa uzi mweusi mbele yao. Mwalimu bado analivaa. Mtazame akipita, kisha uniambie kama umewahi kuona matundu kama yale.

Ila miwani ikamuumbua na mwingine. Niliona mapindo ya wifi yanayumba kama mlevi. Mchana mmoja nilitoka kunawa, narudi, nakuta miwani yangu iko puani kwake na machozi yanamtoka. Kumbe naye miaka mitatu alikuwa anashona kwa kupapasa, akingoja nianguke mimi kwanza. Sikumcheka. Kidogo tu. Nilimshika mkono mpaka zahanati. Sasa anapiga pindo linyookalo, na kiti cha dirishani bado ni changu.

Nimemaliza, mkono unauma. Sasa wewe. Inuka, tafuta sindano na uzi, simama penye mwanga, utunge. Ukishindwa mara tatu, usiende kumtukana mwenye duka. Nenda kapimwe, kisha pitia karakanani, unionyeshe miwani yako.