Jina la Kahawa Yetu

Siku hiyo tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu wawili, na fundi wa kompyuta wa Tunduma. Wazazi walishafariki, mimi niliyeishia darasa la tano ndiye baba, mama na mwenyekiti.

Tulikuwa tunasajili jina la tovuti ya kahawa yetu mtandaoni. Fomu ilidai barua pepe. Hatukuwa nayo, fundi akaandika yake.

"Mwizi! Unajimilikisha jina letu!" nikafoka.

"Darasa la tano limechachamaa," mdogo wangu mmoja akacheka.

"Dada, jina linalipiwa kila mwaka," fundi akasema. "Msipolipia, anachukua mwingine."

Mwaka ulipokaribia kwisha, fundi alikuja mwenyewe hadi kwetu Igamba, vumbi mpaka kwenye kope. Taarifa imemfikia kwenye barua pepe yake: zimebaki siku tatu jina liishe muda. Tukalipia.

Nilimpa kahawa ya moto. Samahani ya kumwita mwizi bado ninadaiwa.