Esansi ya Mke Mdogo

Jina langu lifunikeni vizuri, Kabambare ni ndogo na simu ziko nyingi. Nina miaka thelathini na mbili, binti mmoja, na ni mke mkubwa kati ya wawili. Bwana wetu ni mtu wa kutunza vitu: redio yake bado imevaa nailoni ya dukani.

Mvua zikikata barabara, esansi, petroli yenu, haifiki huku. Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili, bwana aliweka bidoni moja, dumu zima, pembeni, ya moto, pikipiki itakayonipeleka Kasongo kujifungua. Alinunua pia kichupa cha dawa ya kuzuia esansi isiharibike, akakifungia sandukuni. "Kitu ya bei haiguswe mupaka siku yake," alisema.

Siku yake ikafika, miezi imeshapita. Akaimimina dawa kwa heshima kama manukato. Esansi ilikuwa imegeuka nyekundu, inanuka rangi ya mlango. Moto ilikohoa, ikazimika njiani, kabla ya kijiji cha Lusangi. Mtoto alizaliwa kwenye majani. Hakulia.

Mbele ya ndugu zake bwana akasema, "Esansi nilitia dawa. Yenye ilichacha ni tumbo yake." Wakacheka. Kanga yangu ilikuwa bado inalowa maziwa.

Baadaye nilikiokota kile kichupa. Kifaransa changu nilijifundisha kwenye maboksi ya sabuni, lakini kinatosha: dawa hutiwa esansi ikiwa mpya, siku ileile ya kuiweka. Ikishaharibika, haifufuki. Sikumwambia. Tumbo lililochacha litamsahihisha nani?

Sasa mke mdogo ana mimba. Bidoni mpya imefika wiki hii. Kichupa kipya kiko sandukuni kinangoja siku yake, na ufunguo hautoki shingoni mwa bwana. Huyo mke mdogo, binti wa watu, ananipenda, ananitwangia hata sombe yangu ya majani ya muhogo. Jana akaniuliza kama dada yake mkubwa, "Yaya, siku ile utapanda na mimi, unishike mugongo?"

"Nitapanda, mudogo wangu," nikajibu. Nilijisikia nikitabasamu vizuri sana.

Nikisema leo, bwana atauliza, "Kumbe ulijua? Basi ule mutoto ulimuua weye." Nikisema nilisoma baadaye, nani ataamini? Ndugu zake watanirudisha kwetu, na binti yangu atabaki. Nikinyamaza, hakuna atakayenishika kwa neno. Kunyamaza ni kazi nyepesi, na naona naiweza.

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini, nifanye nini? Na anayeijua esansi aniambie: inakaa muda gani kabla ya kuchacha? Nataka kujua nimebakiwa na siku ngapi za kuchukia kabla sijalazimika kuwa mtu mwema.