Verlene Hasaini Pipa Asilolijua

Saa mbili asubuhi, ghala la forodha bandarini Kingstown limeshafurika. Mapipa ya plastiki ya buluu yamepangwa hadi mlangoni, na wenyewe wameyakalia, wanakula mkate na samaki wa kukaanga huku wakisemana. Katikati yao, Verlene Ollivierre ameinamisha pipa moja. Analitikisa, anasikiliza.

"Huu si mchele," anasema. "Shangazi Inez, humu kuna chuma."

"Mwanangu Kenrick kaandika chakula na nguo," anajibu Bi Inez Quow, 71, aliyetoka kijijini Sandy Bay na gari la kwanza. "Wewe saini tu, binti yangu."

Verlene hasaini.

Ana miaka 52, ni wakala wa forodha, na kwa miaka kumi na tisa amewajazia watu fomu za mapipa wanayotumiwa na ndugu zao walioko ng'ambo, Brooklyn na Toronto. Anatoza dola 25 za hapa kwa pipa. Desemba hii chakula na nguo za familia havilipiwi ushuru. Kingine chochote lazima kiandikwe na kilipiwe. Kikikutwa hakijaandikwa, kinachukuliwa, mwenye pipa anapigwa faini, na aliyesaini anaweza kunyang'anywa leseni. Leseni hiyo ndiyo inayosomesha binti zake wawili.

"Shida si wizi, ni adabu," anasema. "Kwetu humuulizi mtu zawadi yake ina nini. Basi anayepokea hajui, anayetuma anaficha, na anayeshika kalamu ni mimi."

Na ghalani hapana siri. Mwaka juzi lilifunguliwa pipa la bwana mmoja, zikatoka nguo za mtoto mchanga, na mkewe, asiye na mimba wala mtoto, kasimama hapo hapo. Hadi leo watu wanahesabu miezi, wamjue mama wa mtoto huyo.

Bi Inez anakataa kumpigia mwanawe. "Nimuulize kaweka nini? Si ataniona nina tamaa!"

Verlene anampigia mwenyewe huko Brooklyn, na simu anaiweka spika.

"Kenrick, chuma gani hiki kwenye pipa la mama yako?"

"Mama yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwondoe kwanza!"

Ghala zima linaangua kicheko. "Sema, wewe! Foleni ndefu!" anafoka mzee mmoja kutoka juu ya pipa lake.

"Cherehani," Kenrick anasema kwa unyonge. "Iko chini kabisa, nimeiviringishia magauni. Nilitaka ashangae."

Bi Inez anaisogelea simu. "Ya miguu au ya umeme?"

"Ya umeme, Mama."

"Mpya?" anadakia Verlene.

"Imetumika. Nimeinunua dola arobaini za huku."

"Nitumie picha ya risiti sasa hivi. Bila risiti wataikadiria kama mpya."

Picha inaingia. Verlene anaandika: cherehani moja, iliyotumika. Ushuru na kodi vinafika dola 52 za hapa. Bi Inez analipa huku akinung'unika. Afisa anafungua pipa, anachimba hadi chini, anatazama fomu, anagonga muhuri. Hakuna faini.

Verlene ameshaomba viza. Ikitoka, Oktoba mwakani atakwenda Brooklyn kwa mara ya kwanza, akawafundishe watumaji kwenye ukumbi wa kanisa namna ya kuandika orodha kabla ya kufunga pipa.

"Mwakani usimpigie," Bi Inez anamwambia, pipa likipakiwa garini. "Niache nishtukizwe."

"Sitampigia, Shangazi," Verlene anajibu. "Nitakuwa nimekaa sebuleni kwake, namsimamia akipakia."