Silinda Mvivu ya Gari ya Baba

Baba yangu aliniachia neno moja tu kuhusu gari yake, na mimi nikalifahamu nilivyotaka. Alikuwa amelala hospitali, mirija puani, sauti imebaki kidogo. Akaniambia, "Ile gari usiiguse. Mama'ko kaizowea." Nikamjibu, "Inshallah, baba," kwa ile inshallah yetu yenye milango miwili, wa ndiyo na wa siyo. Siku tisa baadaye tukamzika.

Gari yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, milango miwili, boneti lake refu hata ukikaa kwenye usukani unaona pua yake imeshafika na wewe bado uko njiani. Baba aliinunua miaka ya sabini kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, wakati baba mwenyewe hajatimiza miaka miwili tangu atoke Unguja kuja huku kwa Waarabu. Mama alikuwa akimcheka kwamba alinunua gari kabla ya kitanda. Ilikuwa na silinda nane, lakini tangu nipate akili zangu, zilizofanya kazi ni saba. Ya nane ilikuwa mvivu. Gari ikisimama na injini inawaka, ilichechemea: inakwenda, inaruka pigo moja, inajikamata tena, na chini yake kuna tk-tk-tk ya moshi unaovuja kwenye ufa. Ukiwa ndani ya nyumba uliisikia tangu iko kwenye kona.

Mimi kazi yangu ni pampu za maji. Mtu wa pampu akisikia chuma kinagonga, hata kama si chake, roho haimtulii. Tangu nina miaka kumi na sita nilimwomba baba aniachie niifungue ile injini, na kila mara alinijibu kwamba yeye hajalalamika, gari haijalalamika, basi mimi ni nani. Nilikuwa nikiudhika, na sikuficha.

Baada ya mazishi mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi alikaa chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Al Khoudh, pazia limeshushwa, hana wanja wala manukato. Kisheria hakuna kilichomzuia kufika uani kwake, lakini mama zetu wana sheria yao juu ya sheria, na uani hakutoka. Aliniomba kitu kimoja tu.

"Gari ya baba'ko iwashe kila siku, betri isife. Iwashe saa tisa kasorobo."

"Kwa nini saa hiyo, mama?"

"Si ndiyo unarudi kazini?"

Kweli ndiyo saa niliyorudi, kama alivyokuwa akirudi baba, maana serikali inatutoa sote saa nane na nusu. Sikuuliza tena. Nikawa naiwasha dakika kumi, nazima, naingia ndani, nakuta mke wangu ameshapakua chakula. Hata siku moja sikujiuliza kwa nini hakikosei saa.

Nilikuwa na ndoto yangu. Kila Ijumaa alasiri baba alimchukua mama mpaka Bustan, wakakaa ufukweni na chupa ya chai, wao wawili, sisi watoto hatualikwi. Nilitaka mama akitoka eda nimpeleke huko kwa gari ile ile. Lakini mlima wa kutoka Wadi Kabir, njia ya kwenda huko, ulikuwa umeshaishinda gari. Mwaka wa mwisho baba alikuwa akizima kiyoyozi, anafungua vioo, anapanda kwa dua, na mara mbili ilichemka akasimama pembeni. Nikamwona mama akilini mwangu, siku yake ya kwanza baada ya eda, amesimama juani boneti limefunguliwa. Hilo sikuliweza. Na nikisema ukweli wote, mikono ilikuwa ikiniwasha miaka mingi, na msiba ukanipa ruhusa ambayo baba hakunipa.

Nikaipeleka Mabela, kwa fundi mmoja mzaliwa wa Pemba, rika la baba, ambaye nikimwita ami.

"Baba'ko karidhia?" akaniuliza.

"Kasema isiguswe. Basi mtu akiitazama, ataona haijaguswa."

Ami akanitazama juu ya miwani yake. Akaiwasha, akaweka kiganja juu ya boneti. "Ufa huu wa moshi niuzibe?"

"Uzibe."

"Na silinda mvivu? Shafti imelika hapa. Tukitia mpya, haichechemei tena."

"Ami, si ndiyo ugonjwa wenyewe huo!"

Aliiacha iwake kidogo zaidi, kisha akazima. Ilikuwa mara ya mwisho sauti ile kusikika, na mimi nilikuwa nimeinama natafuta spana.

Vitu vilitoka Marekani kupitia Dubai: shafti kubwa yenye mikono mirefu zaidi, pistoni pana, vichwa vya silinda vya aluminiamu. Vyote vikaingia kwenye bloku, mwili wa injini, ile ile ya baba. Maandishi ya kwenye aluminiamu niliyasaga kwa tupa. Rangi ya buluu ya injini niliichanganya mara nne, nikitia kahawia kidogo kidogo, mpaka ikafanana na kitu kilichopikwa kwa mafuta miaka ishirini. Kifaa cha kisasa cha kupeleka moto kwenye plagi nilikificha ndani ya kikombe chake cha zamani. Betri mpya niliivika ganda la betri iliyokufa. Juu ya kifuniko cha chujio la hewa baba alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake, tarehe aliyobadilisha mafuta mara ya mwisho. Kifuniko hicho nilikifunga taulo nikakitunza kabatini kwangu mpaka kazi ikaisha. Mwisho nikachukua vumbi na grisi nikapaka kila mahali. Ami alisema hajapata kuona mtu anaisafisha injini ili aichafue.

Mama nilimwambia gari imekwenda kutiwa rejeta. Si uongo, rejeta ilitiwa. Kila siku aliniuliza itarudi lini.

Ikarudi zimebaki wiki tatu eda imalizike. Saa tisa kasorobo nikaiwasha uani. Injini ikakaa, nzito, laini, haina pigo lililopotea. Niliweka gilasi ya maji juu yake na maji hayakutikisika. Nilikuwa na furaha kama mwendawazimu. Nikaingia ndani na njaa yangu, nikakuta sufuria zimefunikwa, mke wangu amesimama mlangoni mwa jiko.

"Mama hajasema tupakue," aliniambia.

"Kwani huwa anasema?"

"Kila siku. Ukiwasha tu gari, utamsikia, 'Haya, pakueni.' Leo kauliza nani kaja."

Nikaenda chumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye msala, uso kaelekeza mlangoni.

"Hiyo gari ya nani?"

"Ya baba, mama."

"Siyo."

"Ni ile ile."

"Umeiuza umenunua nyengine. Niambie tu, mwanangu, sitokasirika."

Miezi miwili nimevunja mgongo, rangi ya buluu bado iko kwenye kucha, na siri yangu nimeiweka kwa ajili ya siku atakayotoka. Hasira zikanipanda. "Wallahi, mama, ni ile ile."

"Umeapa," mama alisema. "Basi ni ile ile." Akachukua tasbihi yake.

Wiki tatu hizo niliendelea kuiwasha, na "pakueni" haikusikika tena. Mama alikula vijiko viwili vitatu. Alianza kumuuliza mke wangu mambo ya ajabu: "Je, mimi nnarudiarudia maneno? Jana nilisali rakaa ngapi, ulinihesabia?" Mke wangu akaniletea habari hizo kwa wasiwasi, na mimi nikamwambia ni huzuni, itapita. Ningeweza kusema neno moja nikamtoa mama kwenye shimo lile. Sikusema, kwa sababu nilikuwa naisubiri Ijumaa yangu.

Eda ikaisha. Akaogeshwa, akavaa nguo mpya, nyumba ikafukizwa udi baada ya miezi minne. Ijumaa iliyofuata nikamtoa uani. Nililifungua boneti kabla hata hajaomba. Mama akaizunguka gari, akaona mikwaruzo yote mahali pake, akausogelea ule mwandiko wa mkono wa baba kwenye kifuniko na kuugusa kwa kidole.

"Ni yenyewe," alisema.

Nilitegemea furaha. Nikaona khofu.

Tukapita Ruwi, tukapita Wadi Kabir, tukaanza mlima. Gari ilipanda kama haina habari, kiyoyozi kinapuliza, mshale wa joto umelala. Mimi bado nilikuwa nasubiri kusifiwa. Katikati ya mlima mama akaanza kulia.

"Mama, nini?"

"Nimemsahau baba'ko."

"Umemsahau vipi?"

"Gari nnaiona ni yake. Mkono nnauona ni wake. Lakini sauti siijui. Miaka yote hiyo namsikia tangu yuko kwenye kona, nasema pakueni, akiingia chakula kiko moto. Hata kwenye eda nilikuwa namsikia. Ukiwasha, nasema kesha kuja, natulia. Sasa nasikia mtu mwengine. Hata mwaka haujafika, masikio yangu yameshamtupa."

Nilisimamisha gari Bustan, mbele ya bahari yao, nikamwambia kila kitu: ufa, shafti, silinda ya nane, rangi, vumbi. Nilizungumza nikiutazama usukani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipojibu hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Ungeniambia umeitengeneza, ningelia siku moja. Wewe umeniapia. Wiki tatu nnajiona naingia wazimu."

Hakushuka. Chupa ya chai tulirudi nayo imejaa.

Nililisha maskini kumi, kafara ya kiapo, na moyo haukuwa mwepesi hata kidogo. Kesho yake nilikimbilia kwa ami turudishe vya zamani. Alinionyesha pembe tupu ya gereji: shafti iliyolika ilikwishachukuliwa na mtu wa vyuma chakavu, ufa wenyewe tulikuwa tumeuchomelea. Basi tukatafuta njia nyengine. Tukachomoa waya wa plagi moja, tukalegeza bomba la moshi kidogo livuje. Gari ikachechemea, lakini ilichechemea kama kijana anayemwigiza mzee barabarani. Ami akaniuliza, "Ilikuwa ikiruka baada ya pigo la ngapi?" Nikafungua mdomo kumjibu nikakuta sijui. Ile sauti nimezaliwa nayo, na siku zote nilikuwa nasikiliza ubovu wake tu.

Hata hivyo nikaipeleka nyumbani nikaiwasha saa tisa kasorobo. Mama akatoka mwenyewe mpaka mlangoni, kanga mabegani.

"Zima," alisema.

Nikazima.

"Usimwigize baba'ko."

Tangu siku ile chakula cha mchana nyumbani kwetu hakina saa. Kila mtu akija anajipakulia, anakula, anaosha sahani yake. Gari ikabaki uani chini ya kivuli. Miaka ya elfu mbili vijana wa magari ya zamani wakaigundua, wakawa wanakuja Ijumaa wananiomba nifungue boneti. Wanaangaza tochi kila pembe, wananiambia wallahi hii haijaguswa tangu itoke kiwandani, na mimi nahisi kama nimetemewa mate. Kiapo chao kinafanana mno na changu. Huwa nashukuru, nafunga boneti.

Mama akazeeka, miguu ikamlemea, tukamhamishia sebuleni karibu na dirisha. Akili zake zilikuwa nzima kuliko zangu. Mambo ya gari hatukuyazungumza tena. Alinisamehe kwa mdomo, siku ya Idi, na nilijua ni kwa mdomo.

Siku moja niko nyumbani na mafua. Mtaani kwetu alikuwa amekuja muuza gesi mpya, Mbalushi mmoja mtu mzima, asili yao ng'ambo ya bahari, na pikapu yake imefungwafungwa kwa waya. Mchana ule, kabla ya saa tisa, ikatokea kwenye kona. Nilikuwa nimejilaza. Ikafika ukutani kwetu ikasimama na injini inawaka: inakwenda, inaruka pigo moja, inajikamata, na chini yake tk-tk-tk.

Mama akainua uso.

"Haya, pakueni," alisema.

Mimi na mke wangu tukatazamana, hakuna aliyetikisika. Nilidhani sasa ndiyo kweli akili zimemwacha. Mama akatuona tunavyomkodolea macho.

"Nnajua ni gesi," alisema. "Pakueni tu."

Nilipakua kwa mkono wangu, wali na samaki, nikamwekea mbele. Akala. Akaomba ndimu. Mimi nikatoka nje mbio, miguu mitupu juu ya lami ya moto, nikamkuta yule bwana anafunga mitungi aondoke. Aliponiona namjia hivyo alidhani nimekuja kugomba. Akaanza kuniomba radhi kwa Kiarabu, kwamba makelele haya anayajua, silinda moja haifanyi kazi, na keshokutwa anaipeleka gereji itengenezwe.

Nikaushika mlango wa pikapu yake kwa mikono miwili.

"Usiiguse," nikamwambia. "Mama yangu kaizowea."

Akanijibu inshallah.