Siku Kumi na Sita za Orrin

Mdogo wangu Orrin Pelkey aliongoza watu kuvua samaki wa trauti kwenye mto wetu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka kumi na mmoja ya mwisho hakurusha mshipi wake mwenyewe hata mara moja. Watu wa mbali hudhani kiongozi wa wavuvi ni mtu anayevua. Kiongozi ni mtu anayesimama nyuma ya mtumbwi, pondo mkononi, anauzuia usichukuliwe na maji, anafungua mafundo ya mshipi wa mwenzake, na anangoja. Samaki akiinuka, anasema "sasa", na mgeni aliyeketi mbele anavuta. Mgeni akikosa, kiongozi anamwambia alijaribu vizuri sana. Wanaanza upya.

Nimewaona hao wageni, maana mto unapita nyuma ya jiko langu. Alikuwako daktari wa meno kutoka Detroit, anakuja kila Juni, huyo alinasa kila kitu cha bonde hili isipokuwa samaki. Alinasa misonobari. Alinasa mbwa wa jirani, kofia ya Orrin, sikio la Orrin mara mbili, na siku moja alinasa bata aliyekuwa hewani, akamshusha polepole kama mtoto anavyoshusha tiara. Orrin anasema lilikuwa tawi. Orrin hana macho ya mambo makubwa.

Na kwa kuwa sheria ya sehemu yetu ni kumrudisha kila samaki majini akiwa hai, chini ya daraja yuko trauti mmoja mzee aliyekwisha kushikwa na kupigwa picha mara nyingi mno, hata siku hizi ukimtoa anageuka mwenyewe upande wa kamera.

Haya nayasema kwa sababu ndiyo yaliyokuwa maisha ya mdogo wangu, tangu mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Septemba, miguu kwenye maji ya baridi, akisifu watu wasiojua kitu. Bega la kulia liliisha kwanza, kwa sababu ya pondo. Kisha magoti. Alipoinuka kitini ulisikia mlio kama wa mlango wa ghala. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na ukimtazama kwa nyuma ungemwongezea ishirini.

Wageni wakiondoka, majani yakidondoka, Orrin aliweka pondo akachukua bunduki. Kwetu tarehe kumi na tano Novemba shule zinafungwa na wanaume wanasahau majina ya wake zao. Msimu wa kulungu kwa bunduki ni siku kumi na sita, basi. Dume mmoja mnene anajaza friza mpaka theluji iyeyuke, na kabla hajapelekwa kukatwakatwa hutundikwa kwenye boriti mbele ya kituo cha zimamoto, jina la mwenyewe likaandikwa ubaoni watu walisome. Jina la Orrin lilikuwa kwenye ubao ule kila mwaka tangu akiwa kijana. Miaka miwili tu kabla ya haya ndipo lilipoanza kukosekana.

Ardith, mkewe, alikuwa anataka wahamie kwa binti yao Janelle huko Toledo. Janelle ana chumba cha chini, hakuna ngazi, na mtu wa kuondoa theluji yupo. Kwa miaka mitatu Ardith alisema Toledo na Orrin akasema mto. Oktoba ile nilikuwa jikoni kwao namenya matufaa, na Ardith akaweka kisu chake mezani.

"Sikiliza, baba Janelle," akasema. "Ukipata dume wako msimu huu, kwa mkono wako, tunabaki, na sitaitaja Toledo tena mpaka nizikwe. Usipopata, tunafunga nyumba kabla ya Krismasi."

Orrin alifikiri muda wa kumenya tufaa zima. Kisha akampa mkono. Mimi nikawa shahidi, shahidi mbaya, kwa sababu nilikuwa upande wa Orrin kabisa. Mume wangu Thibault alishakufa. Hao wawili wakiondoka, kwenye barabara yetu ninabaki mimi na mbweha.

Siku ya kwanza Orrin alikwenda kwenye kibanda chake cha kuvizia kabla ya mapambazuko. Saa tatu akawa mezani kwangu, hajavua koti lake la rangi ya chungwa, anaizungusha kahawa bila kuinywa. Alisema dume alikuja. Pembe zenye ncha nane, hatua arobaini, ubavu wazi. Nikamuuliza basi yuko wapi.

"Nilisema sasa," akanijibu.

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu, dada. Nilisema tu, kwa sauti. Halafu nikangoja."

"Ukangoja nini?"

"Nikangoja mtu wa mbele avute."

Nilicheka mpaka nikashika sinki. Mbele yake hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta wa mbao na tundu la kuchungulia. Miaka thelathini na minne ya kumwambia mwingine avute, na mkono wake mwenyewe umesahau kuwa una kazi. Nilimwambia kwamba kulungu yule lazima alikwenda kumsimulia mkewe. Kisha nikaona Orrin hacheki, na mimi nikaacha, karibu papo hapo.

Siku ya nne likatokea tena vilevile. Siku ya sita alikwenda na leso mdomoni. Akaja dume mdogo, Orrin akamtazama, leso ikamzuia kusema, na bado akangoja. Dume akala magome ya mti, akashiba, akaenda zake. Siku nyingine hakuja kitu ila mvua ya barafu. Kila jioni nilimwona akipita na pikapu yake, taa moja mbovu, na alishuka kwa kushika mlango kwanza, kisha paja, kisha hewa.

Ardith hakumdhihaki. Angemdhihaki ningejua la kufanya, maana kudhihaki nakuweza. Alimpa supu, akamvua buti, na siku ya kumi akaleta maboksi matupu kutoka dukani akayapanga nyuma ya mlango. Nilimwambia, "Wifi, hayo maboksi si mapema?" Akasema yalikuwa ya bure.

Siku ya kumi na sita ndiyo ya mwisho. Mimi nina miaka sabini na sita na kila mwaka nanunua kibali cha kuwinda, sababu kubwa ikiwa kumuudhi mkwe wangu anayeona nimezeeka. Nikachukua bunduki ya marehemu, nikasimama kwenye njia ya Orrin gizani, nikamwambia nakwenda naye. Nilidhani atakataa. Hakuwa na nguvu ya kukataa.

Kibandani mna viti viwili. Orrin aliingia akaenda moja kwa moja kwenye kile cha nyuma, akaniachia cha mbele, tundu likawa langu. Niliona, nikaketi. Nilichokusudia mimi ni kumwamsha. Dume akija, nitamkanyaga mguu, atastuka, atapiga, jina litarudi ubaoni na Ardith atarudisha maboksi dukani. Huo ndio uliokuwa mpango wote.

Tulikaa. Tulikula mikate yenye soseji baridi. Nilianza kumsimulia juu ya shangazi yetu aliyegandiwa na nguo kwenye kamba wakati wa baridi mpaka suruali ya mumewe ikasimama yenyewe ikaingia ndani kunywa chai, na Orrin akaninong'oneza kwa ile adabu anayowapa wageni, "Dada, samaki wanasikia." Nikamkumbusha tuko msituni. Akaomba radhi.

Yapata saa tisa alasiri dume akatoka kwenye mierezi. Sitaongeza neno juu yake, hakuhitaji msaada wangu. Ncha tisa, shingo nene, pumzi yake inaonekana. Nikamkanyaga Orrin mguu. Hakustuka. Nikamkanyaga tena, kisigino kizima. Bunduki yake ilikuwa imelala magotini na mikono yake iko juu yake kama mikono ya mtu kanisani. Nikaona dume huyu anaondoka kama wenzake, na nyumba inaondoka naye, nabaki mimi na mbweha.

Kisha nikaisikia sauti yake nyuma ya sikio langu, chini sana.

"Inua pole. Usiharakishe, muda upo. Weka shavu. Ngoja ageuke... ngoja... sasa."

Nikafyatua. Sikuamua. Kwenye sauti ile kuna madaktari wa meno miaka thelathini na minne, na hata ungekuwa kisiki ungefyatua. Dume alikimbia kama hatua thelathini akaanguka karibu na kijito.

Orrin alinigusa bega. "Vizuri sana," akasema. "Vizuri ulivyongoja."

Tulipomfikia nikanyoosha mkono nikamwambia anipe lebo yake. Kila kibali kina lebo yake ya karatasi, unaifunga kwenye pembe, na aliyeandikwa kwenye lebo ndiye mwenye mnyama. Nilimwambia hakuna aliyeona, isipokuwa kuchakuro. Nikamwambia aniachie mimi masimulizi, ifikapo jioni atakuwa amempiga kwa hatua mia tatu, upepo ukivuma, jicho moja limeingia theluji. Ardith ataamini. Nimewaaminisha watu makubwa kuliko hayo.

Orrin aliketi juu ya gogo. "Hapana, dada."

Nilidhani ni uaminifu wake ule. Ndivyo alivyo. Aliwahi kumfuata bwana nyama nyumbani kwake kumwambia kuwa mgeni wake alimchelewesha samaki nje ya maji. Nikamwambia uaminifu ni kitu kizuri lakini leo ni tarehe thelathini. Nikamwambia akikataa ni Toledo.

"Najua."

"Sasa?"

Alitazama magoti yake. "Yule wa kwanza, siku ya kwanza. Nilikwambia nilisema sasa."

"Ulisema akakimbia."

"Sikusema alikimbia. Alisimama. Alisimama muda mrefu sana, dada, nilikuwa na nafasi ya kuvuta mara tatu. Nilikaa nikamtazama. Nikawaza kumburuta, kumtumbua, kumpakia, kisha Aprili inakuja." Akasugua goti. "Nimechoka. Ardith nisingeweza kumwambia. Na wewe je? Ningekwambiaje wewe?"

Mimi ni mtu wa uongo tangu utotoni, naujua uongo kwa harufu, na huo ulipita mezani kwangu ukanywa kahawa yangu nisiutambue. Kwa sababu nilikuwa nacheka. Na kwa sababu sikutaka kuutambua.

Nikafunga lebo yangu. Orrin alimtumbua dume, maana hilo ni la kiongozi, na hakukubali nimshikie hata mguu. Tulimburuta mpaka barabarani, hatua ishirini na kupumzika, hatua kumi na tano na kupumzika, mwisho mapumziko yakawa marefu kuliko safari. Ningependa kuandika kwamba mbele ya zimamoto watu walivua kofia. Kulikuwa na wanaume wawili na mbwa. Wakamtundika, wakaandika jina langu, Alvina Thibault, ncha tisa, wakaniuliza kama Orrin alinishikia bunduki. Nikawaambia alinishikia ulimi.

Ardith alikuja na koti juu ya nguo ya kulalia. Alisoma ubao. Alishika ile lebo akaigeuza akaangalia pande zote mbili. Halafu akamtazama mumewe, na Orrin akamtazama, mpaka yule mbwa akakaa chini. Nilitegemea afurahi. Alipanda kwenye pikapu akalia kidogo, uso kwenye glavu.

"Wifi," aliniambia dirishani, "miaka mitatu nasema Toledo. Nilijua atapata. Ningalijua hatapata nisingaliweka sharti lile."

Nikamwambia aende, na awashe hita ya gari, mzee wake analowa.

Waliondoka tarehe kumi na nane Desemba. Paja zima la dume lilikuwa kati ya maboksi, limefungwa kwa karatasi, na mtumbwi wakauacha umefunikwa nyuma ya banda langu kwa kuwa Toledo hawana pa kuuweka. Sikutoka kupunga mkono. Nilikuwa na kazi jikoni, ambayo sikumbuki ni ipi.

Siku ya tatu simu ikalia, karibu saa tano asubuhi. Ardith ananong'ona. Anasema Orrin amelala tangu jana baada ya chakula cha jioni, hajageuka, naye anaogopa. Amemgusa mara mbili.

"Anakoroma?" nikauliza.

"Anakoroma. Majirani wa Janelle wanasikia."

Nikamwambia afunge pazia na asimguse tena.